Shule zimepanda, lakini nani amezipandisha?

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, watu wa Lindi na Mtwara hukimbilia kuangalia shule ya kijijini kwao imepata wastani gani, ndipo wanauliza habari za wilaya na mkoa. Sifa na lawama hufuata. Siku hizi mazungumzo hayo yameingiwa na jambo jipya: asasi, miradi ya wafadhili na hata baadhi ya halmashauri zimeanza kutumia lugha ya saikolojia. Tunasikia kujitambua, kujiamini, hamasa, mtazamo chanya, kuvumilia magumu. Mwezeshaji anafika shuleni, anagawa dodoso, anaendesha mafunzo ya siku chache, anarudi baada ya miezi kadhaa na dodoso lilelile, halafu tathmini inasomwa ukumbini mbele ya mgeni rasmi: kujiamini kumepanda, utoro umeshuka, ufaulu umeongezeka. Wanaoupenda mradi husema ushahidi umepatikana. Wasioupenda husema takwimu zimepikwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Takwimu zinaweza kuwa za kweli kabisa, zimekusanywa kwa uaminifu na watu wenye nia njema, na bado zisituambie lolote kuhusu kilicholeta mabadiliko.

Hoja yangu ni kwamba namba za kabla na baada, zikiachwa peke yake, haziwezi kuthibitisha kuwa mradi wa kubadili tabia au fikra za wanafunzi umefanya kazi. Nasema zaidi ya hapo: kwa jinsi shule zetu za Kusini zinavyochaguliwa kuingia kwenye miradi, na kwa jinsi mwaka wetu unavyokwenda kati ya korosho, mvua na mavuno, mradi usio na faida yoyote ungeweza kuonekana umefaulu. Dawa inajulikana, haihitaji mitambo, na imeshawahi kutumika katika kata zetu hizihizi. Ni kuwa na kundi la ulinganisho, yaani shule za aina ileile ambazo bado hazijapata mradi, na kuamua kwa kura ya bahati nasibu nani aanze na nani asubiri.

Wanasaikolojia waliliwekea tatizo hili utaratibu zamani. Mwaka 1963 Wamarekani wawili, Donald Campbell na Julian Stanley, walichapisha kazi kuhusu muundo wa majaribio katika utafiti wa elimu, wakitenganisha maswali mawili ambayo hadi leo hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa saikolojia. La kwanza ni la uhalali wa ndani: je, mabadiliko tuliyoyaona yamesababishwa na tulichokifanya, au na kitu kingine? La pili ni la uhalali wa nje: je, kilichofanya kazi hapa kitafanya kazi kwa watu wengine, mahali pengine, wakati mwingine? Wakaorodhesha vitu vinavyoharibu jibu la swali la kwanza. Matukio ya nje yanayotokea wakati mradi unaendelea. Watoto kukua na kukomaa wenyewe. Mtu kuzoea mtihani kwa sababu ameshaufanya mara moja. Kipimo kubadilika njiani. Washiriki kupungua. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Newala au Ruangwa, unaona maisha ya mwaka mmoja wa shule zetu.

Chukua kalenda tu. Mradi mwingi hupata fedha katikati ya mwaka wa fedha, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinafanyika Oktoba. Oktoba katika vijiji vya Tandahimba ni wakati wa kuokota korosho. Mtoto wa darasa la tano yuko shambani na mama yake tangu alfajiri, anatenganisha korosho na mabibo, na hata akija shule amechoka. Minada imeanza, ghala la chama cha msingi limejaa, wazazi wanahesabu malipo ambayo bado hayajaingia. Kipimo cha pili kinafanyika Juni, kabla ripoti haijafungwa. Korosho zimekwisha zamani, palizi imepita, mavuno ya chakula yako nyumbani, na kwenye familia iliyouza vizuri mtoto ana sare mpya na madaftari ya kutosha. Ukilinganisha mahudhurio ya Oktoba na ya Juni utaona tofauti nzuri. Tofauti hiyo ingekuwepo hata kama mwezeshaji asingekanyaga kijijini.

Bei nayo ina nguvu kuliko semina yoyote. Msimu wa 2017/18 kilo ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 mnadani. Msimu uliofuata wanunuzi na Serikali hawakuelewana, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Anayewajua wakulima wa huku anajua misimu hiyo miwili ilivyotofautiana majumbani, na kusubiri malipo kulivyokuwa. Mradi wa hamasa uliopima wanafunzi mwanzoni mwa msimu mmoja na kuwapima tena mwishoni mwa mwingine ulikuwa unapima korosho pamoja na hamasa, na usingeweza kuvitenganisha. Kilwa vivyo hivyo: mwaka 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya cha Mei vilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Hakuna dodoso lenye safu ya kujaza habari hizo.

Lakini adui mkubwa zaidi, ninayetaka kukaa naye kwa muda, ni yule ambaye haonekani kabisa. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alionyesha kuwa watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, ila kwa kawaida hawafikii urefu wa kupindukia wa wazazi wao, na watoto wa wazazi wafupi sana husogea juu kidogo. Kitu chochote kinachochanganya uwezo halisi na bahati kina tabia hiyo: ukikichagua kikiwa kwenye kilele au shimoni, ukikipima tena utakikuta kimesogea kuelekea wastani. Hakuna aliyekisogeza. Bahati mbaya ya mwaka ule haikujirudia, basi.

Sasa angalia shule zetu zinavyoingia kwenye miradi. Matokeo yanatoka, halmashauri inaangalia orodha, inachukua shule kumi za mwisho, na hizo ndizo zinazopelekewa mafunzo. Nia ni njema, aliye nyuma asaidiwe kwanza. Fikiria shule ya kijiji yenye watahiniwa 20, waliofaulu ni 6, yaani asilimia 30. Mwaka huo watoto wawili waliamka na malaria siku ya mtihani, na mwalimu wa hisabati alihamishwa Mei na wa kuziba nafasi yake akaja Agosti. Mwaka unaofuata malaria haikugonga siku ile, mwalimu yupo tangu Januari, na wamefaulu 9 kati ya 20. Ufaulu umetoka asilimia 30 hadi 45. Kwenye slaidi ya ukumbini hilo ni ongezeko la nusu nzima, na mbele ya macho yetu ni watoto watatu. Zikusanye shule kumi za namna hiyo, nyingi kati yake zitapanda, kwa sababu tulizichagua zikiwa shimoni. Na shule kumi za juu za mwaka uleule, ambazo hakuna aliyezifuatilia, nyingi kati yake zitakuwa zimeshuka kidogo. Nimeshuhudia maofisa wakihuzunika kuwa shule nzuri zimebweteka, wakati shule mbovu zimeamka kwa sababu ya mradi, nao hawajui kuwa mambo hayo mawili ni jambo moja.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, alisimulia alivyowafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli kuwa sifa hufundisha vizuri kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja akambishia: mwanafunzi akirusha ndege vizuri sana nikamsifu, mara inayofuata hufanya vibaya, akivurunda nikamfokea, mara inayofuata hufanya vizuri. Alichokiona kilikuwa kweli. Sababu aliyoitaja ndiyo haikuwa kweli, maana baada ya kupindukia kwa uzuri au ubaya, kinachofuata kwa kawaida ni cha wastani. Walimu wengi wa huku wanaoamini kiboko wamefundishwa imani hiyo na macho yao wenyewe, kwa njia hiyohiyo. Mtoto anachapwa siku aliyofanya vibaya kuliko kawaida yake, wiki inayofuata anarudi kwenye kawaida yake, fimbo inapewa sifa. Kwa sababu hiyo mimi sioni suala la muundo wa majaribio kuwa la wasomi. Kosa hili la kufikiri limeacha alama kwenye migongo ya watoto.

Kuna tiba moja inayoyashughulikia yote hayo kwa pamoja, korosho, mvua, malaria na kurudi kwenye wastani, hata bila kuyajua majina yake. Gawa shule zilezile zinazostahili katika makundi mawili kwa kura. Kundi moja lianze mwaka huu, jingine lisubiri. Korosho zitaokotwa kote, mvua itanyesha kote, shule zilizokuwa shimoni zitasogea juu kote. Tofauti itakayobaki kati ya makundi, shule zikiwa nyingi za kutosha, ndiyo ya mradi.

Atakayesema mambo haya ni ya Ulaya na hayawezekani kwetu, namrudisha kwenye historia ya mikoa yetu. Katikati ya miaka ya 2000, wilaya tano za huku ziligawanywa kwa tarafa, 24 kwa jumla, nusu zikachaguliwa kwa kura kuanza mapema dawa ya kuwakinga watoto wachanga na malaria wanapopelekwa chanjo. Baada ya hapo ukaja mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga, ambao kwangu ni somo kubwa kuliko yote, kwa sababu haukuwa wa dawa. Ulikuwa wa tabia. Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa London walichukua kata 132 za wilaya sita za Lindi na Mtwara, wakazigawa kwa kura. Kwenye kata zilizopata mpango, wanawake wa kujitolea wa kijijini walimtembelea mama mjamzito nyumbani mara tatu, na baada ya kujifungua mara mbili katika siku za mwanzo, wakizungumza naye kuhusu usafi, kunyonyesha, kumpa mtoto joto na kujifungulia kituoni.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na ningependa kila diwani wa mikoa hii ayajue. Wanawake wanaojifungulia vituoni waliongezeka kwa kiasi kikubwa sana katika kipindi kile. Kama wangepima kata zenye mpango peke yake, kabla na baada, ukumbi mzima ungesimama kupiga makofi, na fedha zingemiminwa kupanua mpango kwa sababu hiyo. Lakini kwenye kata zisizo na mpango nako kujifungulia kituoni kulikuwa kumeongezeka sana. Kilikuwa ni kipindi cha mabadiliko kwa eneo zima. Kundi la ulinganisho lilionyesha kuwa mpango ulisogeza mambo fulani, kama kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama tu katika siku za kwanza na usafi kwa wanaozalia nyumbani, ila vifo vya watoto wachanga havikutofautiana kati ya kata zenye mpango na zisizo nao. Habari hiyo inauma. Waliojitolea walitembea kweli, jua na mvua. Bila kura ile, tungeendelea kuamini kuwa kutembelewa nyumbani kunatosha, na swali la huduma inayomsubiri mama akifika kituoni lingekaa nyuma.

Upimaji wenyewe una matatizo ambayo hata kura haiyaondoi. Niliwahi kukaa dawati la nyuma darasani wakati dodoso la kujiamini linajazwa. Kila sentensi ilikuwa na visanduku vitano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Mwezeshaji alisoma: "Mimi ninaamini ninaweza kufanikiwa maishani." Mwalimu wa darasa alikuwa anapita kati ya madawati, mikono nyuma, akihakikisha hakuna anayeacha wazi. Msichana mmoja mbele yangu alishika kalamu bila kuandika, akachungulia karatasi ya mwenzake, kisha akanyanyua mkono: "Samahani mwalimu, jibu lake ni lipi?" Darasa halikucheka, kwa maana wengi walikuwa na swali hilohilo. Akaelekezwa aandike anavyojisikia. Akaweka vema kwenye "nakubali kabisa", na akaendelea kuweka hapohapo hadi mwisho wa ukurasa, hata kwenye sentensi zilizopingana.

Mwaka 1962 mwanasaikolojia Martin Orne alieleza kuwa mshiriki wa jaribio hutafuta kujua mtafiti anataka nini, kisha humpa. Aliyasema hayo kuhusu watu wazima wa Marekani waliojua kuwa wamo kwenye utafiti. Ongeza juu yake heshima ambayo mtoto wa Kimakonde au Kimwera analelewa nayo mbele ya mgeni aliyekuja na gari, daftari na soda. Baada ya mafunzo ya siku tatu ameshajua majibu gani yanamfurahisha mgeni. Dodoso la mwisho litapanda, na litapanda zaidi kwenye shule zilizopata mafunzo kuliko zile zilizosubiri, hivyo hata kura haitatuokoa. Kinachoweza kutuokoa ni kupima anachofanya mtoto badala ya anachosema: jina lake kwenye rejista, maneno anayosoma kwa sauti kwa dakika moja, hesabu anazomaliza. Na apimwe na mtu asiyejua shule hiyo iko kundi lipi.

Wanaopinga majaribio ya namna hii wana hoja, na moja kati yake ni nzito. Wanasema saikolojia yenyewe imejengwa juu ya watu wasiofanana nasi. Ni kweli. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wa Kanada waliandika kuwa asilimia 96 ya washiriki wa tafiti kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Tena hata huko kwao mambo hayajatulia: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti liliripoti kuwa limerudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa, na matokeo yaliyosimama kwa kipimo cha kawaida cha takwimu yalikuwa kama 36. Basi kwa nini tulete vifaa vyao Masasi?

Mfano mzuri wa hatari hiyo ni jaribio maarufu la Walter Mischel, aliloanza pale Stanford miaka ya 1960. Mtoto wa chekechea anaachwa na kitu kitamu kimoja, anaambiwa akisubiri bila kula atapata viwili. Baadaye ikaonekana waliosubiri wamefanya vizuri shuleni, na dunia nzima ikaamini kuwa uvumilivu wa utotoni ndio unaotengeneza maisha. Tafiti zilizofuata zililipunguza nguvu jambo hilo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walichukua watoto zaidi ya 900 wa familia za aina mbalimbali, na uhusiano ule ukaonekana kama nusu ya ulivyokuwa, ukazidi kupungua kwa theluthi mbili hali ya nyumbani ilipoingizwa kwenye hesabu. Mwaka 2013 Celeste Kidd alikuwa ameshaonyesha, kwa watoto 28, kwamba mtoto aliyetoka kuahidiwa vifaa vya kuchorea na asiletewe alisubiri kama dakika tatu tu, na yule aliyetimiziwa ahadi kama dakika kumi na mbili. Na watafiti walipolinganisha watoto wa miaka minne wa Wanso wa Kameruni, familia za wakulima, na watoto wa Kijerumani wa mjini, karibu 7 kati ya kila 10 wa Kinso walisubiri. Wa Kijerumani hawakufika 3.

Mtu anayejali watoto wa huku hawezi kusoma hayo akabaki vilevile. Mtoto wa Nanyumbu aliyeahidiwa viatu "malipo ya korosho yakiingia", na malipo yakachelewa hadi viatu vikasahauliwa, akila karanga zake mara moja hajaonyesha udhaifu wa tabia. Ameonyesha kuwa anaijua dunia anayoishi. Kipimo kinachoitwa cha uvumilivu kinaweza kuwa kinapima uaminifu wa watu wazima. Kwa hiyo hoja hii naipokea kwa mikono miwili, lakini siifuati inakotaka kutupeleka. Tumeligundua tatizo la jaribio la Mischel kwa njia ya majaribio mengine yaliyopangwa vizuri zaidi, na watoto wa wakulima wa Kiafrika walioingia humo ndio waliotikisa dhana iliyokuwa imetulia. Kama vipimo vya kigeni havitufai, kazi yetu ni kutengeneza vyetu na kuvijaribu. Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki na vyuo vya ualimu. Hiyo ndiyo kazi yao, kabla dodoso halijafika kwa msichana wa dawati la mbele.

Hoja ya gharama na ya vijiji kuingiliana siipuuzi pia. Watoto wa shule mbili za jirani hukutana kisimani, kwenye mpira, kwenye jando na unyago wakati wa likizo, na walichofundishwa upande mmoja kitavuka. Ndiyo maana waliopanga majaribio ya afya waligawa kwa kata na kwa tarafa badala ya kugawa kwa kijiji. Inahitaji kata nyingi na uvumilivu wa fedha, na mradi mdogo wa shule nne usidai unafanya jaribio. Useme wazi kuwa unatoa huduma, na hilo lenyewe ni jema.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi vikaoni: kwamba kupiga kura ni dhuluma, watoto wetu si panya wa maabara, huwezi kuwanyima wengine kwa ajili ya takwimu. Inagusa moyo, ila haisimami. Fedha haijawahi kutosha shule zote za wilaya, wala haitatosha mwaka kesho. Maana yake kuna wanaonyimwa kila mara, isipokuwa leo wanaonyimwa ni walio mbali na barabara ya lami, wasio na mwalimu mkuu anayejuana na mtu, walio ng'ambo ya mto usiopitika masika. Kina mama wa upatu wanalijua hili vizuri kuliko wataalamu. Fedha ya kumpa kila mtu wiki moja haipo, zamu zinapangwa kwa kura, na hakuna anayesema amedhulumiwa kwa kupokea mwezi wa tano. Tena hoja ya dhuluma inachukulia kwamba mradi unafaa, jambo ambalo ndilo hasa hatulijui. Kumchukulia mtoto saa za masomo, msimu baada ya msimu, kwa jambo ambalo hatujawahi kuhakikisha kama linamsaidia, hiyo ndiyo inayostahili kuitwa kumfanyia majaribio, na kwa namna mbaya, kwa kuwa hakuna anayejifunza kitu.

Tanzania imeshaona kuwa njia hii hujibu maswali magumu. KiuFunza, jaribio lililofanywa katika shule 350 na kuchapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti na wenzake, lilionyesha kuwa ruzuku ya fedha kwa shule peke yake haikuinua alama za watoto, na kwamba ruzuku ikiunganishwa na motisha kwa walimu inaleta matokeo yanayozidi jumla ya viwili hivyo vikitolewa kila kimoja peke yake. Hakuna ambaye angeijua habari hiyo kwa kuangalia kabla na baada. Na uchambuzi mwingine wa Mbiti, akiwa na Jacobus Cilliers na Andrew Zeitlin, unahusu kitu tulichokiishi wote: upangaji wa shule kwa nafasi chini ya mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa tangu 2013. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Zilipandisha kweli, zaidi ya kurudi kwenye wastani. Lakini pia idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani katika shule hizo ilipungua. Asilimia inaweza kupanda kwa kuwa watoto wanaosuasua hawamo tena kwenye hesabu. Kwa mikoa yetu, yenye utoro na mimba za utotoni, hapo ndipo pa kutazama kabla ya kupiga makofi. Ripoti yoyote isiyosema wangapi walioandikishwa mwanzoni na wangapi waliopimwa mwisho, na wale wengine wako wapi, haijakamilika hata kama imechapwa kwa rangi.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inatoka miaka saba kwenda sita, na kwa mpangilio uliotangazwa wanafunzi wa darasa la saba wa utaratibu wa zamani na wa darasa la sita wa utaratibu mpya watamaliza pamoja mwaka 2027. Kuanzia hapo namba za ufaulu za kabla na baada zitakuwa zinalinganisha watoto wa umri tofauti, waliosoma mambo tofauti, wakafanya mitihani tofauti. Mradi wowote wa saikolojia ya shuleni utakaovuka mwaka huo bila kundi la ulinganisho utaweza kudai sifa yoyote au kukimbia lawama yoyote, na hatutakuwa na la kuujibu. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa korosho zina nguvu ya kuweka sharti sasa, kabla hazijasaini hati ya makubaliano na asasi yoyote: kata zinazostahili ziorodheshwe, zamu zipangwe kwa kura ya bahati nasibu ndani ya baraza la madiwani huku wananchi wakiona, rejista za kata zinazosubiri zikusanywe sawasawa na za zinazoanza, na anayepima asitoke kwenye mradi wenyewe. Asasi itakayokataa masharti hayo ipewe nafasi ya kueleza, kwa maandishi, itajuaje kuwa imemsaidia mtoto.